Kura Iliyopigwa Redio Akiwa Nje

Mtaani walimwita Redio, naye hakukasirika. Alikuwa msusi, saluni yake ikitazamana na duka la mbao, na mwanamke yeyote aliyekalia kiti chake aliondoka na kichwa kizuri pamoja na habari za mtaa mzima. Nani kaposwa, nani kahamishwa kazini, nani kamnunia mama mkwe: Redio alizijua zikiwa bado mbichi. "Mimi sisengenyi," alipenda kusema, kitana kikiwa kimebanwa mdomoni. "Mimi naarifu."

Ni kwa ulimi huo huo wanawake wa mtaa walimchagua awe mjumbe wao kwenye kamati ya kusimamia kituo cha afya. Walisema afadhali wapeleke mtu asiyejua kunong'ona. Kamati yenyewe ilikuwa ya watu wachache. Mwenyekiti wao alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mzee wa koti hata jua likiwaka. Alikuwamo muuza mbao wa ng'ambo ya barabara, alikuwamo mkunga mmoja aliyekwisha kustaafu, na wengine wawili watatu ambao walikuja zaidi kwa ajili ya chai. Daktari mkuu wa kituo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alikaa nao kuwaeleza kazi inavyokwenda, ila hakuwa na kura. Kazi ya wajumbe ilikuwa kuuliza. Dawa zimefika? Mbona foleni haitembei? Choo cha wagonjwa kina maji?

Habari moja tu Redio hakuitangaza. Nyuma ya saluni, ukipita kamba ya taulo na masinki ya kuoshea nywele, kulikuwa na chumba cha mdogo wake wa kiume. Huyo alikuwa fundi umeme, tena fundi hasa, wa kuitwa hata na mafundi wenzake wakikwama. Mwaka mmoja akaanza kusikia watu wakimjadili ndani ya nyaya. Mwanzoni aliwajibu kwa mzaha, baadaye akawajibu kwa ukali, na siku moja akashuka kwenye ngazi katikati ya kazi, akaenda nyumbani, asipande tena. Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika Redio mkono na kumwambia neno moja: "Mdogo wako." Halikuhitaji maelezo.

Wateja walipouliza mbona fundi haonekani, Redio alisema kifua chake hakipatani na vumbi. Walitikisa vichwa, wakampa pole, mazungumzo yakarudi kwa mama mkwe.

Aliyemrudisha fundi kwenye utu wake alikuwa muuguzi mmoja wa kituo, mwanamume wa makamo aliyehudumia wagonjwa wa akili majumbani mwao. Alikuja kila baada ya wiki mbili kwa pikipiki na, kwa ombi la Redio, aliiegesha uchochoroni, akaja bila sare. Alimdunga fundi sindano yake, kisha akakaa. Huko kukaa ndiko kulikokuwa dawa ya pili. Waliongea mpira, waliongea bei ya vitu, wakati mwingine hawakuongea kabisa. Siku za mwanzo fundi hakumfungulia, naye muuguzi alisimama mlangoni akisubiri kama mgeni wa heshima.

"Sukuma tu, hakuna kufuli," Redio alimwambia.

"Chumba ni chake, dada. Akinikaribisha ndiyo nitaingia."

Polepole fundi akaanza kula mezani. Jumapili, saluni ikiwa imefungwa, alitoka na bisibisi yake akatengeneza mashine za kukaushia nywele, akimgombeza dada yake kwamba anazivuta kwa waya kama mbuzi. Redio aligombezwa huku akicheka kwa ndani. Alikuwa amesubiri miaka kugombezwa hivyo.

Sasa, kituo kilipoanzisha uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, nani wa kupiga debe kama si Redio? Aliwaambia wateja kwamba ni jambo la dakika chache, kwamba muuguzi wa kike ndiye anayepima, kwamba ugonjwa ukikamatwa mapema hutibika. Wengi walikubali. Mmoja aligoma, na huyo ndiye aliyekuwa mwandani wake tangu utotoni, mwalimu wa chekechea, mwanamke mcheshi aliyeogopa sindano kuliko nyoka.

"Usipokwenda, sikusuki tena," Redio alimwambia. "Utakwenda kufundisha watoto na kichwa kama kiota."

"Unanitishia nywele?"

"Nakutishia nywele."

Mwalimu akacheka, akaenda, huku Redio amemshika mkono kama mtoto anayeanza shule. Baada ya vipimo, wanawake wote waliambiwa jambo moja: mwenye tatizo atapigiwa simu, ukiona kimya, ujue uko salama. Redio alilibeba neno hilo hadi saluni na kulirudia kwa kila aliyeuliza. Kimya ni salama.

Na kimya kikawa kimya kweli. Kwenye kikao kilichofuata Daktari alisoma idadi ya wanawake waliopimwa. Ilikuwa kubwa kuliko vituo vyote vya jirani, mwenyekiti akampongeza, wakanywa chai.

Ilikuwa mwaka mwingine kabisa, Redio akimsuka Mwalimu, alipoona shingo ya mwenzake imekuwa nyembamba na mifupa ya bega inahesabika. Alisimamisha vidole.

"Unakula?"

"Nakula."

"Mwalimu, mimi si mtoto wa chekechea."

Ndipo Mwalimu aliposema. Alikuwa akitokwa na damu kwa miezi, si kwa siku zake. Alidhani ni umri unabadilika. Na mbona alishapimwa, wakakaa kimya?

Kesho yake walikwenda hospitali kubwa pamoja. Daktari wa huko, kijana mpole, alimpima, akamrudisha kitini, akafungua kompyuta. Alisoma kitambo. Kisha akauliza, "Baada ya yale majibu ya mwanzo, mama, ulitibiwa wapi?"

"Majibu gani?" Mwalimu akauliza.

Kijana akawageuzia kompyuta. Akawaeleza taratibu kwamba majibu ya kituoni kwao yalitoka zamani, na yalitaka arudi haraka. Wakati ule lilikuwa jambo la kutolewa kwa tiba ndogo. Sasa ni saratani yenyewe, na itabidi mionzi.

Njiani Mwalimu alitembea akitazama mbele. Karibu na lango akasema, "Uliniambia kimya ni salama." Hakusema kwa hasira. Angemtukana, Redio angepata pa kushika.

Redio hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari mkuu wa kituo, akaingia bila kubisha, akasema yote akiwa amesimama. Daktari hakujitetea. Aliondoa faili kwenye kiti cha pili ili mgeni akae, na Redio alipokataa kukaa, yeye mwenyewe akasimama.

"Muuguzi aliyekuwa akiwapigia simu alihamishwa," alisema. "Hakuletwa mwingine. Majibu yanakuja kwenye kompyuta, na mtu wa kuyafungua hayupo. Niliomba mtu. Nikaambiwa nisubiri."

"Wako wangapi kama Mwalimu?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

"Na kamati je? Sisi si tulikuwa tunakuuliza kila kikao?"

Daktari alimtazama bila dharau, kwa uchovu tu. "Mliuliza wamepimwa wangapi. Nikawajibu. Mkapiga makofi."

Redio alikumbuka. Yeye ndiye aliyeanza kupiga.

Kikao cha dharura kiliitishwa wiki hiyo hiyo, kwenye chumba cha chanjo, mabango ya watoto wanene yakiwatazama kutoka ukutani. Redio alisimulia mkasa wa mwandani wake hadi mwisho, na hata waliokuja kwa ajili ya chai waliacha vikombe. Hakuna aliyebisha kwamba majibu yote lazima yafunguliwe, kila mwanamke atafutwe, na wale waliobadilisha namba au kuhama wafuatwe hadi walipo. Swali lilikuwa nani afanye. Daktari alieleza kwamba ofisi ya afya imekataa kuajiri hadi bajeti ijayo. Imeruhusu jambo moja: kumtoa mtumishi mmoja kwenye kazi yake kituoni na kumpa hii.

"Na anayeweza kutoka ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Daktari akajibu. "Yule muuguzi wa afya ya akili. Ziara za majumbani zitasimama. Wagonjwa wake watakuja wenyewe hapa mara moja kwa mwezi kudungwa."

Redio akawaza chumba cha nyuma ya saluni.

Muuza mbao alisema haoni tatizo. "Saratani inaua. Hawa wengine, tusidanganyane, wameshazoea hali yao."

"Hawajazoea, wamesaidiwa," mkunga akamkata. "Ukiacha kuwafuata hawatakuja. Mtu anayeogopa macho ya watu utamweka kwenye foleni ya asubuhi?"

Wakavutana. Huyu akasema roho ni roho, yule akasema na akili nayo ni roho. Redio akahesabu vichwa kwa macho, akaona kwamba kamati imegawanyika sawasawa, na kura yake ndiyo itakayoelemea. Mkono wake ukiinuka upande wa mkunga, muuguzi anabaki.

Mwenyekiti akafunga vifungo vya koti. "Kabla ya kura, mwenye ndugu au maslahi katika jambo hili atamke na atupishe." Alikuwa akiyasema maneno hayo kila kikao kama mtu anayeitikia amina. Hakuna siku mtu aliwahi kusimama.

Daktari aliinamisha uso, akatazama meza. Redio akajua kwamba Daktari anajua. Mgonjwa ni wake, atakosaje kujua? Akajua vile vile kwamba hatasema, maana siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitoa. Mlango wa kunyamaza ulikuwa wazi, na kunyamaza kungemwokoa mdogo wake. Lakini Mwalimu alikuwa akisubiri mionzi kwa sababu watu walijua jambo wakanyamaza. Redio alijaribu kujiambia kwamba haya mawili hayafanani. Hakufaulu.

Akasimama.

"Mdogo wangu," alisema, kisha ikabidi aanze upya. "Mdogo wangu haumwi kifua. Ni akili. Huyo muuguzi ndiye anayekuja kwangu."

Muuza mbao, jirani aliyemuuliza hali ya kifua hicho kila alipovuka barabara, alitazama viatu vyake.

"Kabla sijatoka naomba niwaeleze alivyokuwa na alivyo sasa. Maana hamjui, nyinyi mnaona..."

"Samahani, dada yangu," mwenyekiti akasema, na ilionekana inamuuma. "Ukishatamka, huruhusiwi kuchangia. Ndiyo kanuni."

Alikaa kwenye benchi la korido kati ya akina mama na watoto wao wenye homa. Alisikia sauti ndani, hakusikia maneno. Yeye aliyezoea kuwa wa kwanza kujua alikodoa macho kwenye mlango uliofungwa kama mshitakiwa. Mlango ulipofunguliwa, mkunga ndiye aliyetoka kwanza, na uso wake ulimaliza habari: kura zililingana, ya mwenyekiti ikaamua.

Muuguzi alikuja kuaga mwenyewe. Alimweleza fundi ukweli mtupu: kuna wanawake wanaohitaji kutafutwa haraka, yeye kapangiwa huko, sindano itabidi afuate kituoni.

"Nimekosa nini?" fundi aliuliza.

"Hujakosa."

"Basi mbona ni mimi ninayeachwa?"

Muuguzi alivuta kiti. Alikaa naye hadi jua lilipoanza kutua.

Haki yake apewe: kazi mpya aliifanya. Alifungua majibu yote, akapiga simu, pale simu ilipokufa akapanda pikipiki. Wengi wa wanawake walikuwa salama kweli, na walilia kwa kuambiwa tu. Kadhaa walikutwa na dalili za mwanzo, wakatibiwa wakarudi nyumbani siku ile ile. Mmoja alikuja saluni kumshukuru Redio kwa kelele zake, akambusu mikono yote miwili. Redio aliipokea shukrani hiyo kama mtu anayepokea mzigo wa moto: hawezi kuushika, hawezi kuutupa.

Maana siku ya kwanza ya sindano kituoni fundi alivaa shati safi, akafika hadi kona ya barabara, akarudi. Alisema watu wa foleni walikuwa tayari wanaongea habari zake. Mara ya pili hakuvaa shati. Redio alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Alimwomba muuguzi aje hata siku yake ya mapumziko. Akaambiwa yuko safarini vijiji vya mbali akitafuta wanawake. Na siku hizo hizo Mwalimu alikuwa ameanza mionzi, hana mume wala mtoto mkubwa, ni Redio wa kumpeleka na kumrudisha. Alifunga saluni nusu ya wiki. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Alasiri moja alirudi kutoka hospitali akakuta watu wamejaa mbele ya saluni. Ndani kulikuwa giza. Fundi alikuwa amechomoa nyaya zote ukutani, plasta imemwagika sakafuni, swichi zinaning'inia kama macho yaliyotolewa. Alikuwa ameketi katikati, kiganja kimeungua, akiwaambia wale waliomo ndani ya nyaya kwamba safari hii amewapata. Alipomwona dada yake alisema, "Umewaleta."

Wa kwanza kuvuka kizingiti alikuwa muuza mbao. Ndiye aliyekuwa ameshazima umeme kwenye mita. Alichuchumaa mbali kidogo na fundi, mikono wazi, akamwita kwa cheo chake cha zamani, "Fundi, fundi," hadi akakubali kusimama. Walimpeleka hospitali kwa gari lake la mbao.

"Sikujua inakuwa hivi," alimwambia Redio walipofika.

"Nilitaka kuwaambia," Redio akajibu. "Mkanionyesha mlango."

Basi akawa na wagonjwa wawili kwenye uwanja mmoja wa hospitali, mmoja wodi ya saratani, alikolazwa Mwalimu mionzi ilipomlemea, mwingine jengo la mwisho lenye nondo madirishani. Asubuhi alipeleka chai huku, mchana alipeleka chakula kule. Siku moja, akimpangusa Mwalimu uso, alimwambia yote, mwanzo hadi mwisho, nyaya na kura.

"Habari za mdogo wako nilizijua siku nyingi," Mwalimu akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema kifua. Nikasema basi, kifua." Akafumba macho. "Saluni nzima tulisema kifua."

Redio alimkodolea macho, kisha kicheko kikamtoka bila ruhusa, na Mwalimu naye akacheka hadi akashika tumbo kwa maumivu na muuguzi wa wodi akaja kuwakemea. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu siku ile ya langoni. Mwalimu hakusema amemsamehe. Aliomba tu asukwe akitoka, mtindo wowote usiovuta.

Kwa fundi haikuwa hivyo. Dawa zilipomrudishia utulivu, aliuliza kwa nini muuguzi aliondolewa, na Redio hakutaka kudanganya tena.

"Ungebaki ndani ungeshinda?" fundi akauliza.

"Labda."

"Basi ungebaki."

"Na wale wanawake?"

"Wale siwajui. Nakujua wewe." Akageukia ukuta, na saa ya kuona wagonjwa ikaisha akiwa bado amegeuka.

Kikao kilichofuata Redio aliomba aingie kama ndugu wa mgonjwa, si kama mjumbe. Mwenyekiti alipekua kanuni, hakukuta kinachomkataza. Redio hakusimulia habari za mdogo wake. Muuza mbao alikuwa ameshazisimulia. Yeye aliuliza swali moja tu: kati ya wale waliokuwa wakitembelewa majumbani, wangapi wamefika kudungwa tangu ziara zisimame? Daktari akasema hawajafika hata nusu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.

Walikubaliana kwamba muuguzi agawanye wiki: siku kadhaa majumbani, siku kadhaa kwenye majibu, na wajumbe wenyewe watembee kuwatafuta wanawake waliobaki. Ofisi ya afya ilijibu kwamba itaangalia. Daktari hakusubiri, aligawa ratiba kwa mamlaka yake mwenyewe, akasema wakitaka kumwajibisha wanajua ofisi yake ilipo. Hadi leo hawajaruhusu wala kukataza.

Fundi ametoka hospitali. Anadungwa nyumbani, anakula, lakini chakula anakichukua anakwenda nacho chumbani. Akitaka kitu kwa dada yake anamtuma muuguzi. Mwalimu amemaliza mionzi. Watampima tena baada ya miezi, na hakuna daktari anayethubutu kuahidi. Saluni imewekwa nyaya mpya na fundi mwingine, na mdogo wake Redio hakutoka hata kuziangalia.

Jumatatu iliyopita Redio alitembea hadi nyumba za nyuma ya machimbo ya kokoto kumtafuta mwanamke mmoja ambaye simu yake haipatikani. Alikuta mlango umefungwa, na majirani ni wapya. Wakamwambia alihama na watoto, wanadhani kaenda kwa dada yake, upande wa kiwanda. Redio aliwauliza dada huyo anafanya kazi gani, nyumba ina rangi gani, nani mwingine anaweza kumjua. Walimwambia walichojua, hakikuwa kikubwa. Akawashukuru, akafunga kitambaa chake vizuri, akashika njia ya kiwandani.